Nguzo Zilizoishia Zahanati

9 Januari

Mdogo wangu Karani,

Hatujambo. Mzee anakusalimu, mimi nakusalimu, na lile jogoo ulilolikimbia mwaka jana, mtu mzima una watoto watatu, nalo linakusalimu. Mguu wa Mzee umepoa. Macho ndiyo yanazidi kumwacha, ila yeye anasema magazeti ya siku hizi yamepunguziwa wino, na mimi nimemwacha aamini hivyo.

Sasa sikiliza. Kile kiwanda cha nyanya kimesimama. Kuta zipo, bati lipo, mlango wa chuma upo, na mashine iko ndani imefunikwa nailoni. Umeme tu ndio hatujauona. Juzi bwana shamba alikiita kikundi chetu chote akatuambia mashine itawaka mwezi wa sita, na itakula matenga mia mbili kwa siku, kwa hiyo kila nyumba itenge shamba la nyanya. Wenzangu wakakubali. Halafu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti, wakanigeukia wote kuona mimi natenga nini.

Ardhi yetu yenye maji karibu ni moja tu, na unajua imejaa nini. Michungwa ya Mzee, sitini na minne. Imezeeka kama yeye, lakini inazaa, na ndiyo inayotuweka mjini, kama mnavyosema huko.

Nilimweleza huku nimekaa karibu na mlango, nikitarajia bakora. Akamaliza chai yake kwanza. Kisha akasema: "Bwana shamba ni mtu wa maneno. Karani yuko kule karatasi zinakotoka. Mwandikie. Akijibu ndiyo, naikata. Akijibu hapana, nisisikie habari za nyanya humu ndani." Nikamwambia simu ipo, tumpigie sasa hivi. Akaniangalia kama niliyemtukana. Unamjua. Miaka thelathini na moja ya utarishi, baiskeli na mkoba wa ngozi, kuhamisha majalada kutoka ofisi hii hadi ile. Kwake neno lisilo na karatasi halijasemwa.

Basi andika. Usituzungushe.

Dada yako


21 Januari

Shikamoo Baba, maana najua unasomewa. Na wewe Dada, hujambo?

Huku sote wazima. Wifi yako anasalimu, watoto wanasalimu, na kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko mradi wowote wa taifa: kiko mbele ya muda na hakijawahi kukosa fedha. Kuhusu jogoo, naomba ieleweke kwamba sikukimbia. Nilikuwa natembea haraka.

Nijibu swali. Lakini kwanza nieleze kazi yangu, kwa faida ya wale wanaodhani nimeajiriwa kunywa chai. Mpango wa Taifa wa Maendeleo unatekelezwa na wizara saba, kila moja ina kipande chake. Kwenu, kilimo wanahimiza nyanya, viwanda wanaleta mashine, nishati wanaleta umeme. Kila miezi mitatu wizara zinatuletea taarifa, na kila wizara inajipaka rangi yenyewe: kijani ni kazi imekwisha, njano inaendelea, nyekundu imekwama. Nyekundu hutaiona. Nani atajipaka masizi usoni? Sisi wa uratibu tunaunganisha karatasi zao kwa gundi mpaka zinakuwa jedwali refu kama shuka, tunalitandika mbele ya wakubwa, wanapita mstari kwa mstari, wanapitisha. Mimi ndiye katibu wa kikao. Kwa maneno mengine, ndiye mwenye gundi.

Alhamisi iliyopita tuliufikia mstari wenu. Kiwanda kujengwa: kijani. Umeme kufika katani: kijani. Kwenye muhtasari nimeandika kwa mkono huu huu, "mradi umekamilika".

Kwa hiyo, Baba, jibu ni ndiyo. Unaweza kukata.

Mwanao

(Kipande hiki nimekikunja peke yake, ni chako, Dada. Usimsomee Mzee, atakosa raha bure. Nimesikia nguzo za umeme zimeishia kwenye zahanati ya kata ya chini. Unakumbuka kata yetu ilivyogawanywa sehemu mbili. Wenzetu wa nishati walitumia orodha ya zamani, wakapeleka umeme pale yalipokuwa makao ya kata nzima. Wa viwanda walitumia orodha mpya, wakajenga kwenu huku juu. Kilomita tisa na mlima katikati. Ni kosa la wenzetu, dogo tu, la kumaliza kwa simu. Jumatatu nalimaliza.)


2 Machi

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Mvua imekuja vizuri, mifereji imejaa, na binti yangu amefaulu mtihani wake wa ushonaji, kwa hiyo usinunue tena suruali madukani. Lete kitambaa, na ulete kingi, nimesoma habari za kitambi.

Barua yako Mzee aliitaka isomwe mara mbili. Ya kwanza alicheka mpaka akakohoa, ile ya kijani na masizi. Ya pili aliitegea sikio neno kwa neno. Akaniambia niipige namba na kuitia kwenye jalada lake, ni ya arobaini na moja tangu uondoke nyumbani. Halafu akauliza shoka liko wapi.

Tulikata kwa siku tatu. Alitaka awepo, tukamwekea kiti. Kila mti ulipolala aliugusa kwa fimbo akataja mwaka wake. Huu ulipandwa mwaka uliozaliwa wewe. Huu wakati Mama anaumwa. Huu aliuiba mche wake kwenye bustani ya bosi wake, na bosi mwenyewe ndiye aliyemshikia baiskeli bila kujua kilichomo mkobani. Watu walicheka sana. Ulipofika wa arobaini na kitu aliniomba nimwingize ndani, akasema jua limemzidi. Siku hiyo hapakuwa na jua.

Waliokuwa wanasitasita wamekata pia. Yule fundi cherehani, jirani yetu, aling'oa migomba yake yote kesho yake. Akaniambia, "Kama Mzee amekata, mimi ni nani?" Nyumba ishirini na mbili sasa, mdogo wangu. Miche imeshika. Ukisimama kwetu ukitazama chini ni kijani mtupu, wakubwa wako wangefurahi.

Kile kipande kidogo sikumsomea, kama ulivyotaka.

Jumatatu ulipiga simu?

Dada yako


11 Mei

Dada yangu,

Najua. Miezi miwili. Kwenye ofisi yetu barua ikikaa miezi miwili huwa tunaiita "inashughulikiwa", na ndivyo ninavyoomba unichukulie. Ukurasa wa Mzee nimeuandika peke yake: salamu, habari za wajukuu, na kisa cha mkurugenzi wetu kukwama kwenye lifti na wageni. Ukurasa huu ni wako.

Simu nilipiga. Nikapigwa danadana, nikaona bora niende kwa miguu. Nikaanza na nishati, kwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, tunafahamiana miaka mingi.

"Karani, mradi huo kwetu umefungwa," akasema. "Una rangi gani?"

"Kijani."

"Basi. Cha kijani hakifunguliwi. Labda wenye kiwanda waombe upya."

Nikavuka barabara hadi viwanda. Pale kuna bwana mmoja mdogo, tai yake imenyooka kama rula.

"Tuombe umeme wa nini, mzee wangu? Taarifa inasema upo."

"Lakini haupo."

"Kwenye taarifa upo. Nikiomba kilichopo nitaulizwa cha kwanza nimekipeleka wapi. Maombi ya namna hiyo yatoke kwenu, uratibu."

Nikarudi kwetu. Mkurugenzi akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mpole sana yule, akaniambia, "Sisi hatuombi. Sisi tunaratibu." Nikamuuliza kuratibu ndiyo kufanya nini hasa. Akanitazama kwa huruma, kama ambavyo ungemtazama mtu aliyefanya kazi kwenye jengo miaka kumi na tisa halafu akauliza choo kiko wapi.

Nimewaza sana habari za Mzee na ule mkoba wake. Enzi zile wizara zilikuwa hazielewani vilevile, lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeingia kila mlango, akasimama mbele ya kila meza, na hakuondoka mpaka karatasi isainiwe. Sasa tuna idara nzima ya kufanya kazi hiyo, yenye viyoyozi, na hakuna aliyewahi kutoa jasho.

Usikate tamaa. Nimeandika dokezo. Liko kwa naibu. Mashine inawaka mwezi wa sita, na mwezi wa sita bado.

Karani wako


3 Julai

Karani,

Tumepata barua yako. Wajukuu wa Mzee hawajambo, tumefurahi.

Mwezi wa sita umekwisha.

Nyanya ziliiva zote kwa pamoja, kama watoto wanaoitwa kula. Wiki ya kwanza tulizipanga kwenye matenga mbele ya kiwanda, kivulini, maana bwana shamba alisema umeme uko njiani. Wiki ya pili tukatafuta lori la kwenda sokoni. Tukakuta soko limejaa, kata nzima imelima kitu kimoja. Wiki ya tatu matenga ya chini yakaanza kutoa maji. Sasa ukipita pale unaziba pua, na nzi ni wengi hata bwana shamba mwenyewe amebadilisha njia ya kwenda kazini.

Nilikwenda mwenyewe kata ya chini kuangalia. Nguzo zipo. Nzuri, zimenyooka, transfoma ni mpya inang'aa. Inawasha taa mbili za zahanati. Muuguzi aliniambia hata wao walishangaa kuletewa transfoma kubwa namna ile. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikaitazama mpaka akaja kuniuliza naumwa wapi.

Kikundi hawanisemi. Ndilo linaloniumiza. Fundi cherehani anapita anasalimia, anauliza Mzee anaendeleaje, anakwenda zake. Amerudi kushona sare za shule.

Mzee hajambo. Analala sana tu.

Nina swali moja, nalo nataka jibu lake peke yake, bila vichekesho. Kwenye kile kipande uliandika "nimesikia". Ulisikia kwa nani? Na ulisikia lini, kabla kikao hakijapitisha au baada?

Dada yako


30 Julai

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo. Sisi wazima, ila wifi yako ana mafua. Huku kuna baridi mwaka huu. Namletea Mzee sweta la kahawia lenye vifungo vikubwa, ili asihangaike na macho yake. Linakuja na mzigo huu pamoja na dawa ya kuchua mguu. Kwa binti yako nimeweka mikasi miwili ya fundi. Mwambie ule mkubwa asikatie karatasi.

Kazini tuko kwenye maandalizi ya taarifa ya nusu mwaka, kwa hiyo tunachelewa kutoka. Dokezo bado liko kwa naibu.

Mengine tutazungumza.

Karani


24 Septemba

Dada,

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani mara moja tu. Wifi yako anakupa pole tena, anasema ulibeba msiba wote peke yako na sisi tukaja kama wageni. Ni kweli. Hata kaburi la Baba nilikuta limeshachimbwa.

Ulipopiga simu siku ile, kabla hujasema neno nilijua. Katika nyumba ambayo simu haihesabiwi kitu, ukaitumia. Nilikuwa kikaoni. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, na watu walikuwa wananipita na mafaili wakiniambia "Karani, samahani, pisha kidogo," nami nikawa napisha.

Siku nne nilizokaa nyumbani tulizungumza mambo yote isipokuwa moja. Nilikuona unanipa nafasi. Ulinituma nikachote maji ukanifuata mpaka mferejini, ukasimama. Nikaanza kuongea habari za ndoo.

Sasa nakujibu, na nitajitahidi nisichekeshe, ingawa unajua ni ugonjwa wangu.

Sikusikia kwa mtu. Nilisoma mwenyewe, kikaoni, Alhamisi ile ile, kabla hakijapitisha. Tulikuwa ukurasa wa mwisho. Mwenyekiti ameshavaa koti lake. Taarifa ya nishati ilikuwa na maelezo madogo chini, yale yasiyosomwa na mtu: "laini imeishia zahanati." Kwenye chumba kile walikuwepo watu kumi na saba wenye digrii, na ni mmoja tu aliyewahi kuchanjwa kwenye zahanati ile, akabebwa na baba yake mgongoni kupanda mlima kilomita tisa kurudi nyumbani. Nilijua papo hapo. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Ningesema sentensi moja tu. Lakini ningesema, rangi ingebadilika, sura nzima ingerudishwa wizarani, mwezi mzima ungepotea, na mkurugenzi alishaahidi taarifa Ijumaa. Nikawaza: hili ni dogo, nitalipanga pembeni, watu wasiumbuke. Miaka kumi na tisa nimesifiwa kwa jambo hilo hilo, kupanga mambo pembeni watu wasiumbuke. Nikaandika "mradi umekamilika". Na Jumapili nikamwandikia Baba "ndiyo".

Alinibeba mgongoni kwenye njia ile, Dada. Umbali wake naujua kwa miguu yake.

Sikuombi kitu. Wiki ijayo nasimama kwenye kikao na kuomba mstari ule ubadilishwe uwe nyekundu. Katika ofisi yetu haijawahi kutokea uratibu uombe hivyo. Watakapouliza ni nani aliyeandika "umekamilika" kwenye muhtasari, nitasema.

Umenisamehe? Unaona, nimesema sikuombi kitu.

Mdogo wako


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimekaa, halafu nikaisoma tena nikiwa nimesimama.

Swali lako la mwisho naliweka kando kwanza. Nina jambo langu.

Mwezi wa saba nilikuandikia kwamba Mzee analala sana tu. Hakuwa analala. Macho yalikuwa yamemwacha, pua haikuwa imemwacha, na upepo unapandisha kutoka kule kiwandani. Siku moja akaniita, akaniambia nimsomee tena barua ya arobaini na moja. Nikamsomea. Akauliza, "Ndani ya bahasha hapakuwa na kingine?"

Nikasema hapakuwa na kingine.

Akasema, "Karani huwa anaongeza kipande. Tangu yuko shule. Akiniandikia ameshinda, kipande kwa mama yake kinasema amechapwa." Nikaikunja barua. Naye akageukia ukutani. Kipande kilikuwa ndani ya kitabu changu cha kikundi, hatua mbili kutoka alipolala.

Ningemsomea Januari, asingekata hata mmoja. Unamjua, mtu wa nusu karatasi hakuwa. Na asingekata yeye, wale wengine wasingekata. Kwa hiyo wewe uliandika, na mimi nilifunga mlango. Niliona raha, nikuambie ukweli. Niliona raha kuwa mwenyekiti ambaye mdogo wake anajua mambo kabla hayajatokea.

Sweta lako alilivaa. Vifungo alivifunga mwenyewe.

Binti yangu anashukuru kwa mikasi.

Dada


18 Desemba

Dada,

Nimekusoma. Barua ile nimeikalia wiki saba. Wewe ulifunga mlango kwa sababu mimi nilikuambia ufunge.

Nikupe habari za kazi, ndizo ninazoweza.

Nilisimama. Jedwali nikalishika kwa mikono miwili. Nilisema kiwanda kipo kata ya juu na umeme upo kata ya chini, na aliyeandika umekamilika ni mimi. Yule mama wa nishati akavua miwani. Mwenyekiti akasema, "Karani, umekula nini leo?" Watu wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo, nisamehe. Lakini mstari ulibadilishwa. Kalamu nyekundu haikupatikana ofisi nzima, ikabidi katibu muhtasi atoe rangi yake ya midomo.

Mimi nimehamishiwa masjala, kutunza mafaili. Chumba kiko chini, kina dirisha moja, na kwa mara ya kwanza kazini natembea: naletewa ombi, natafuta jalada, nalipeleka. Nimepungua kilo mbili.

Kuhusu mradi, nimeambiwa mambo yamekwenda haraka kuliko kawaida. Kikao cha wizara tatu kimekaa siku moja na kukubaliana siku hiyo hiyo. Uamuzi sijauona, wa masjala hatuonyeshwi mpaka ukauke. Ila nimesikia neno "mashine", nimesikia neno "umeme", na nimesikia kwamba timu inakuja kwenu mwanzoni mwa mwaka. Safari hii nasema kweli, nimesikia. Usiwaambie wenzako kitu kwanza. Au waambie. Sitaki tena kukuchagulia cha kuwaambia.

Mdogo wako


6 Februari

Mdogo wangu,

Sote wazima. Kaburi la Mzee tumelijengea. Binti yangu ameanza kupokea kazi za watu, juzi alikosea mikono ya koti la mwalimu mkuu, mmoja mrefu mmoja mfupi, na mwalimu akalivaa hivyo hivyo, anasema litamsaidia kuandika ubaoni.

Niliwaambia kikundi. Niliwasomea barua yako ya Desemba yote, na ile ya Septemba, na kile kipande. Walisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenishika mkono.

Jumanne timu ilikuja. Sijawahi kuona kitu kama kile tangu nizaliwe. Saa mbili kamili asubuhi, magari matatu ya wizara tatu yakapanda mlima yamefuatana. Wa kilimo walikuja na funguo, wa viwanda na mafundi, wa nishati na gari lenye mkono wa kunyanyulia mizigo. Kila mmoja alishika karatasi ile ile, nimezichungulia zote, zimefanana mpaka namba. Hakuna aliyemsubiri mwenziwe. Huyu akifungua, yule anafungua boliti, wa tatu ananyanyua. Mama mmoja mwenye miwani ya kamba alisimama mlangoni anaweka alama, tiki, tiki. Saa tisa mashine ilikuwa juu ya lori, na nailoni yake. Hata kufagia walifagia.

Nilimuuliza yule mama inakwenda wapi. Akasema, "Mahali penye umeme. Mradi wenu ulikuwa nyekundu, na nyekundu haiwezi kuingia awamu ya pili ya Mpango. Tumeona mashine isipotee." Alisema kwa upole, na nadhani alijua mimi ni nani, maana hakunitazama machoni.

Fundi cherehani akasogea, akauliza, "Na sisi?"

Yule mama akaipitia karatasi yake, juu mpaka chini, akageuza na upande wa pili. Akasema, "Kwenye orodha hii hammo, ndugu yangu."

Wakataka mwenyekiti asaini kwamba kazi imekamilika. Nilisaini. Saini imenyooka vizuri, na hilo limenitisha.

Usije ukajiambia kwamba ungenyamaza ingebaki. Ingebaki, na tungeendelea kuitazama. Sijui lipi ni bora. Watu hapa wamegawanyika. Wengine wanasema ulichelewa kusema, wengine wanasema usingesema kabisa.

Uliniuliza kama nimekusamehe. Nimejipima na bado sijui, na mimi mwenyewe sijathubutu kukuuliza swali hilo. Nikishajua nitakuandikia. Kwa sasa omba ruhusa huko masjala, uje Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kikundi kitakaa ndani ya kiwanda, sasa kuna nafasi. Nimewaahidi kwamba utasimama na kuwaeleza wewe mwenyewe, kwa mdomo, na kwamba watakuuliza watakacho. Wote ishirini na wawili wamesema watakuja. Fundi cherehani ameshachagua mahali pake, atakaa mbele.

Dada yako